Kidonda Nilichomficha Mkaza Mwana

Rafiki yangu aliponiambia nilale juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe, katika chumba cha nyuma cha duka lake pale Kiminini, nilipaswa kukataa. Nilipaswa kufunga mshipi wangu, kutoka nje na kwenda Kitale hospitalini, ambako nilikuwa nimeambiwa nirudi mara moja nikiona unyevu wowote kwenye kidonda. Badala yake nilifungua mshipi, nikashusha suruali hadi magotini, nikalala.

"Geukia mwanga," akasema. "Ee, hapo hapo. We mzee, ng'ombe hawana haya kama wewe."

Alichukua mkebe wa dawa ya kupuliza, ile ya zambarau ambayo sisi wafugaji huwapulizia ng'ombe wakijikata kwenye seng'enge. Akautikisa karibu na sikio lake, kisha akapuliza. Kwanza nilihisi baridi, halafu moto. Kinena changu cha kushoto, pale paja linapokutana na tumbo, kikawa na rangi ya wino wa muhuri.

"Siku chache tu, bana," akasema. "Nimetibu viwele vilivyooza kutoka hapa mpaka Saboti. Hiki chako ni kikwaruzo."

Baadaye akanidunga sindano kwenye tako. Alicheka akasema amenipa dozi ya ndama, kwa maana nimekonda. Mimi pia nilicheka.

Rafiki huyu tulisoma naye shule ya upili. Mimi niliishia kidato cha nne, nikarudi kulima mahindi na kukamua ng'ombe. Yeye aliendelea, akawa ofisa wa mifugo wa serikali, na alipostaafu akafungua duka la dawa za wanyama kando ya barabara. Mkono wake ulikuwa mzuri. Alikuwa amewaokoa ng'ombe wangu wengi, tena wengine nilikuwa nimeshawakatia tamaa. Sikuwa nimedanganywa na mganga wa sokoni. Nilikwenda kwa mtu ninayemwamini, nikamwomba kitu ambacho sicho kazi yake, naye kwa kunipenda akakifanya.

Ili ieleweke nilikuwa nimelala pale na kidonda gani, lazima nirudi nyuma kidogo.

Nilivuta sigara tangu nikiwa kijana. Nilivuta nikikamua, nikipalilia, nikingoja gari la maziwa asubuhi. Mke wangu alisema mpaka akachoka kusema. Halafu mguu wa kushoto ukaanza kuniuma nikitembea. Kutoka kwangu hadi kituo cha kukusanya maziwa si mbali, lakini ikawa lazima nisimame njiani, nijifanye natazama mahindi ya jirani, mpaka shavu la mguu liache kukaza. Watu walidhani nimekuwa mtu wa kupenda sana mashamba ya wengine. Mwishowe maumivu yalikuja hata nikiwa nimelala, na kidole kidogo cha mguu kikawa cheusi.

Daktari wa upasuaji wa mishipa pale Kitale alikuwa mtu mpole, mwenye mikono midogo. Alinichorea mguu kwenye karatasi. Mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni, alisema, umezibwa, na moshi wa sigara ndio uliouziba zaidi ya kitu kingine. Damu haifiki chini. Angenitengenezea njia ya kando: aunganishe bomba jembamba kwenye mshipa pale kinenani, alipitishe ndani ya paja, aliunganishe tena chini pale ambapo mshipa bado ni mzima.

"Bomba la nini?" nikauliza.

"La kutengenezwa kiwandani. Ningependa kutumia mshipa kutoka mguu wako mwenyewe, hiyo ndiyo njia bora. Lakini mishipa ya mguu huu imevimba vifundo, haifai. Ya mguu wa kulia ni mizuri. Hiyo nataka tuiache, mzee. Huenda siku moja ukaihitaji."

Maneno hayo niliyachukua kama maneno ya kujaza maongezi.

Kabla ya kuniruhusu kwenda nyumbani aliketi kando ya kitanda changu, akaniambia jambo alilotaka nilishike. Nyama ya mwili, alisema, ina damu ndani yake, na damu ndiyo askari. Viini vya ugonjwa vikiingia kwenye nyama, damu inavifuata pale pale, na dawa inasafiri na damu. Lakini bomba si nyama. Ukuta wake hauna damu. Viini vikilifikia vinajibandika juu yake kama ukungu kwenye ukuta wa choo, na hakuna dawa ya kumeza wala ya sindano itakayovibandua vyote. Kinena ni mahali pabaya kwa kidonda, kwa sababu panajikunja na kutoa jasho.

"Ukiona hata unyevu, usingoje ratiba. Njoo. Na usichuchumae."

Nilisema ndiyo, daktari.

Mguu ulipopata joto, sitasahau. Mke wangu aliweka kiganja juu ya unyayo wangu, akakaa hivyo, kisha akasema, "Huu sasa ni mguu wa mtu." Nyumbani nilitembea hadi kituo cha maziwa na kurudi bila kusimama hata mara moja. Jirani akapiga kelele kutoka shambani kwake, "Mzee, leo hutaki kuona mahindi yangu?" Sigara nilikuwa nimeacha. Kwa hilo nilikuwa mwaminifu. Kwa kuchuchumaa sikuwa. Nilikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyekataa mkono wa mtu mwingine, na haikupita muda mrefu nikarudi chini yake na ndoo. Siku moja nikaona alama ya maji kwenye suruali, ndogo kama sarafu.

Sasa, siku hiyo nilikwenda Kitale. Hilo nataka lijulikane. Sikupuuza. Niliketi kwenye benchi nje ya chumba cha kufungia vidonda, nikangoja zamu yangu, nikaitwa, nikasukuma mlango. Aliyesimama ndani, amevaa glavu, na trei ya vifaa mkononi, alikuwa mke wa mwanangu.

Nilijua kwamba ni muuguzi katika hospitali ile. Lakini alikuwa wodi ya wazazi, na wakati wote nilipolazwa hakuwahi kukaribia kitanda changu isipokuwa kusimama mlangoni na kunisalimu. Wiki hiyo walikuwa wamemhamisha.

Kwetu sisi Wabukusu, mtu na mke wa mwanawe wana mipaka. Hamshikani mikono. Hamketi kiti kimoja. Mkikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anakaa kando. Mimi humwita mama, naye huniita baba, na mama wa mtu hatazami uchi wa mwanawe mzee. Vijana wa mjini wanasema hayo yamepitwa na wakati, na pengine wana haki. Lakini nilikuwa nimeishi nayo miaka yangu yote, na kidonda changu kilikuwa mahali ambapo huwezi kukionyesha bila kuonyesha na mengine.

"Karibu, baba," akasema, macho yake yakiwa sakafuni.

"Hakuna mwingine?"

"Mwenzangu yuko likizo. Lakini naweza kutafuta..."

"Nimesahau kitu nje, mama," nikasema.

Nikatoka. Nilipita benchi, nikapita lango la hospitali, nikapanda gari la kwenda Kiminini. Sikushukia kwangu. Nilishukia dukani kwa rafiki yangu, nikamweleza yote kama kichekesho, naye akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha akaacha kucheka. "Na kidonda je?" Nikasema bado kiko. Akatazama barabarani kama kuna mteja anakuja, akasema, "Si uje hapa nyuma nikione."

Ndipo nilipolala kwenye magunia.

Jioni hiyo hiyo simu ililia. Mke wa mwanangu hakuwa na kawaida ya kunipigia. Akitaka kitu alimpigia mama mkwe wake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nimeongea na daktari. Nimemweleza jinsi ilivyo. Amesema atakuona yeye mwenyewe Alhamisi, ofisini kwake. Mimi nimeomba siku hiyo niwe wodi nyingine. Sitakuwa karibu kabisa."

Hata sasa nikikumbuka simu hiyo naona haya kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Alikuwa ameelewa. Alikuwa amekwenda kwa mkubwa wake, akajieleza, akanitengenezea njia ya kupita bila kumkanyaga mtu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kitandani na kinena cha zambarau, na sindano ya ng'ombe takoni. Niliwaza: daktari akiniona hivi atasema nini? Atauliza nani amenipulizia. Nitaonekana mshamba, na rafiki yangu ataonekana mhalifu. Nikasema:

"Asante, mama, lakini kimekauka."

"Kimekauka kabisa?"

"Kabisa. Ilikuwa jasho tu."

"Sawa, baba. Lakini kikibadilika..."

"Nitasema."

Kwa muda fulani hata mimi niliamini. Dawa ile ilikausha ngozi ya juu. Ikafanya gamba gumu, jeusi jeusi, na gamba huonekana kama kupona. Nilipita dukani mara kwa mara, rafiki yangu akapuliza, akadunga. Mara nyingine alisahau, mara nyingine dawa iliisha akaniambia nije keshokutwa. Sikujua kwamba dozi ya kurukaruka namna hiyo ni mbaya kuliko kutopata dawa yoyote. Yeye alijua kwa ng'ombe. Kwa ng'ombe asingekubali, angegombana na mwenye ng'ombe. Nadhani alikuwa haniweki mahali popote, wala pa ng'ombe wala pa mgonjwa. Nilikuwa rafiki yake tu.

Pembeni mwa gamba kukatokea tundu dogo. Lilitoa majimaji mepesi, hayakuwa na harufu sana. Mke wangu ndiye aliyefua suruali.

"Mzee, hii ni nini?"

"Maziwa."

"Maziwa yanaingilia mfukoni siku hizi?"

Jioni nilianza kupata homa za baridi, nikasema ni malaria, nikanunua dawa ya malaria. Alinitazama nikimeza, akasema, "Wewe unamwogopa yule mtoto wa watu kwa sababu ya heshima. Mimi naona hii si heshima." Nikamwambia aniache.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Mwanangu na mkewe walikuja kututembelea na mtoto wao mdogo, kama walivyofanya mara kwa mara, kwa gari dogo la mwanangu. Mkaza mwana alinisalimu kutoka mbali kidogo, akaenda jikoni kwa mama mkwe wake. Mimi nilikaa nje na mwanangu, tukizungumza habari za mbolea. Ndama mmoja akakata kamba akaingia kwenye sukuma wiki. Niliinuka haraka nimfukuze. Nilipiga hatua chache, nikahisi joto likishuka ndani ya paja, likaingia kwenye buti la mpira. Nilidhani nimejikojolea. Nikatazama chini. Suruali ilikuwa imekuwa nyeusi hadi gotini, na ilikuwa inaendelea.

Sijui nilipiga ukelele gani. Najua kwamba mtu wa kwanza kunifikia hakuwa mwanangu. Alikuwa yeye, na kisu cha sukuma bado mkononi.

"Baba, lala chini! Lala!"

Nililala. Mikono yangu ikaenda kushika mshipi. Damu yangu ilikuwa inamwagika kwenye nyasi, na mimi nashikilia suruali.

"Mama, tafadhali usi..."

"Nyamaza, baba."

Akaipasua suruali kwa kile kisu kutoka kiunoni. Akakunja ngumi mbili, moja juu ya nyingine, akazisukuma kinenani kwa uzito wake wote, hata nikaona giza. "Gari!" akampigia mumewe kelele. "Unatazama nini? Lete gari!"

Njia yote hadi Kitale alikuwa amepiga magoti juu yangu kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikigonga dari kila tulipopita tuta, na hakuachilia. Nguo yake ya kanisa ilikuwa nyeupe. Nilianza kusinzia, akasema, "Niangalie. Baba, niangalie mimi." Tangu aolewe nyumbani kwangu sikuwa nimewahi kumtazama usoni zaidi ya muda wa salamu. Nilimtazama. Ana alama ndogo juu ya nyusi, kama ya tetekuwanga. Sikuwa naijua.

Halafu nikaona macho yake yameshuka kwenye mikono yake, na pembeni ya mikono, ambapo damu ilikuwa haijafika.

"Hii rangi ni ya nini?"

Nikafumba macho.

Yale yaliyofuata niliambiwa na daktari, kipande kwa kipande, siku zilizofuata. Viini vilikuwa vimelifuata bomba kutoka kinenani na kuteremka nalo. Vilikuwa vimekula mahali bomba liliposhonwa na mshipa wangu, mpaka mshono ukaachia. Hapakuwa na jambo la kusafisha na kusubiri tena. Alifunga mshipa juu ili damu isimame. Alitoa bomba lote, hata sehemu iliyoonekana safi, kwa sababu akiacha kipande ameacha na wenyeji wake. Alikata nyama yote iliyokufa, akaosha, akaosha tena. Kisha akachukua mshipa wa mguu wangu wa kulia, ule aliosema tuuache, akaupitisha kwa njia mpya, kwa upande wa nje wa paja, mbali na mahali pachafu, ili mguu usikose damu. Pale kinenani palipobaki shimo, alilegeza msuli mmoja mrefu wa paja, akaugeuza, akaulaza juu ya mshipa uliofungwa ili uufunike kwa nyama yenye damu yake.

"Hii ni nafasi nzuri," akaniambia. "Mshipa wa mwili wako unajua kupigana. Lakini lazima tujue tunapigana na nani. Tumepeleka usaha maabara waoteshe viini, tuone vinakufa kwa dawa gani."

Majibu yalirudi. Hakukuota kitu.

Alisimama miguuni mwa kitanda na karatasi ile. Mke wa mwanangu alikuwa mlangoni, amekuja kuniletea uji na kusimama mbali, kama kawaida yetu, kana kwamba ile Jumapili haikuwahi kuwa.

"Mzee, ni jambo la ajabu," daktari akasema. "Usaha wote ule, halafu maabara hakuna kitu. Kuna dawa ulikuwa unatumia? Yoyote?"

"Ya malaria tu," nikasema.

"Hakuna sindano?"

"Hakuna."

Nilisema hivyo nikitazama dirishani. Sikutaka kumtaja rafiki yangu. Huo ndio ukweli, lakini si wote. Sikutaka pia mtu mwenye mikono ile midogo ajue kwamba kazi yake yote niliipeleka ikapuliziwe dawa ya ng'ombe, kwa sababu niliona haya kwa muda wa dakika chache. Daktari akaandika dawa ya kubahatisha, akaenda.

Kesho yake mkaza mwana alikuja saa za kuona wagonjwa. Safari hii alivuka mlango. Alisimama kando ya kitanda, akinipa bega ili tusitazamane, akatengeneza blanketi ambalo halikuwa na shida.

"Baba, rafiki yako wa Kiminini yuko chini, kwa benchi. Amekuwa pale tangu asubuhi. Analia. Ameniambia dawa alizokupa, ameniandikia majina yote."

Nilivuta blanketi hadi kidevuni.

"Nimwambie daktari mimi, ama utamwambia wewe?"

"Nitamwambia."

"Leo, baba."

"Leo."

Nilimwambia. Nilitegemea atanifokea, na ningependa anifokee. Alikaa tu, akafunga kalamu yake. Akanieleza kwamba dawa zile za kudungwa leo na kurukwa kesho ziliua viini dhaifu na kuwaacha wakaidi, tena zikawalaza hao wakaidi kiasi kwamba maabara haikuweza kuwaamsha na kuwatambua. Alibadilisha dawa siku ile ile, kwa kuangalia majina aliyoandika rafiki yangu. Nilimwuliza kama siku ile ya benchi, ya mlango ule, ningekaa, ingekuwaje.

"Siwezi kuapa," akasema. "Lakini ungekuja wakati ni unyevu tu, ningefungua, nikaosha, nikachukua sampuli kabla ya dawa yoyote, nikalifunika bomba kwa msuli kama nilivyofanya sasa. Wakati huo lilikuwa bado halijashikwa lote. Nadhani tungelinusuru."

Dawa mpya zilichelewa. Viini vilikuwa vimeshaufikia ule mshipa uliotoka mguu wa kulia mahali uliposhonewa. Asubuhi moja muuguzi aliweka mkono juu ya unyayo wangu wa kushoto, uliokuwa umepoa, akauondoa, akauweka tena, akatoka kumwita daktari. Nilijua kabla daktari hajafika. Mke wangu pia alijua. Aliushika unyayo huo kwa mikono yote miwili kama anayepasha chungu moto, akakaa hivyo mpaka walipokuja kunichukua. Mshipa ulifungwa ili nisivuje damu tena, na kwa kuwa hapakuwa na mshipa mwingine wa kuazima, mguu ukakatwa.

Rafiki yangu aliingia wodini baadaye. Alisimama akatazama mahali blanketi lilipolala bapa. Akasema, "Nimekuua." Nikamwambia bado naongea. Nikamwambia nililala kwenye magunia kwa miguu yangu mwenyewe, hakunifunga kamba. Alijaribu kucheka, ikakataa. Siku hizi hunipigia simu. Tunaongea habari za bei ya maziwa na nani amezaliwa na nani amefunga duka. Hatujawahi kuongea habari za mguu. Hajawahi kuja huku.

Huku ni Bungoma. Mwanangu alihamishiwa huku kikazi, na mkewe akapata nafasi katika hospitali ya karibu. Mimi na mke wangu tulibaki Kiminini kwa muda, tukajaribu. Huwezi kumkamua ng'ombe mwekundu kwa magongo. Mke wangu alijaribu, akapigwa teke. Kijana tuliyemwajiri akapigwa teke. Nikaita mnunuzi kutoka Kachibora, na walipompandisha kwenye lori nilikaa ndani ya nyumba na kufungua redio. Shamba limekodishwa. Mwanangu akaja na gari, akatubeba na vitanda vyetu.

Kwetu baba halali katika nyumba ya mwanawe. Hilo nalo vijana wanalicheka. Nimelala humu kila usiku tangu tulipofika, katika chumba kinachotazamana na chumba chao, na hakuna aliyekufa.

Kila jioni akitoka kazini, mke wa mwanangu hunawa mikono, huchukua trei, hugonga mlango ingawa uko wazi. "Karibu, baba," husema yeye, ingawa mimi ndiye niliye ndani na yeye ndiye anayeingia. Sijui kama anakumbuka kwamba ndiyo maneno aliyoniambia siku ile Kitale. Sijamwuliza. Anakagua kisiki cha paja langu, anagusa kovu la kinena kwa kidole, anauliza kama kuna unyevu. Namwambia ukweli. Kuna siku nilimwambia, "Mama, siku ile ningekaa." Alikuwa anakunja kitambaa. Akasema, "Mimi pia siku ile ningekufuata nje, baba." Akamaliza kukunja.

Hapana. Yeye hakuwa na kosa la kunifuata au kutonifuata. Alinitengenezea Alhamisi, na mimi nikasema kimekauka.

Kwa hiyo naandika gharama ya neno hilo, nisije nikaizungusha kwa maneno. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa juu ya goti, mguu uliokuwa umeshapona na kupata joto. Mguu wa kulia ulitoa mshipa wake bure, na sasa unavimba kila jioni. Sina ng'ombe. Sikai kwangu. Mke wangu, aliyekuwa na nyumba yake na jiko lake, anaosha vyombo katika jiko la mkaza mwana wake, akiomba ruhusa ya mahali pa kuweka sufuria.